Bi Machozi Alivyomsoma Mkwe Mwenzake Kavu

Mjini palikuwa na watu wengi waliokula kwa jasho lao. Bi Machozi alikula kwa machozi yake, wala hakuona haya kulisema. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mnene wa kiasi, mwenye kifua ambacho ungeapa kiliumbwa makusudi kwa ajili ya kwikwi. Ujanani aliigiza mchezo wa redio, akawa mke anayeachwa. Miaka nenda miaka rudi aliachwa kila wiki, saa ileile watu wakipika, na wake za watu wakaunguza sufuria kwa ajili yake. Mchezo ulipokufa akahamia kwenye matangazo ya sabuni, akawa anachekelea shuka lililotakata, kicheko ambacho mtu mwenye akili timamu hawezi kumpa shuka. Mwisho wa yote kituo kimoja cha runinga kikamwita kwenye kazi ya kuvalisha.

Kuvalisha ni hivi. Mtu wa nchi nyingine anatokea kwenye skrini, anasema kwa lugha ya kwao, na watazamaji hawaambulii kitu. Basi sauti yake inateremshwa, inabaki kama redio ya jirani nyuma ya ukuta, na juu yake inapandishwa sauti ya mtu wa nyumbani anayesoma tafsiri. Wanawake wote wa vita, bibi kwa mjukuu, walivalishwa sauti ya Bi Machozi. Watazamaji wasio makini waliamini kwamba vita vile vina mwanamke mmoja tu, naye ana mkosi usiomithilika.

Vita vyenyewe vilikuwa vya nchi jirani, baina ya watu wa milimani na watu wa bondeni. Nani alianza? Inategemea wewe umeanza kuhesabu lini, na kila upande ulikuwa na kalenda yake. Kituo cha Bi Machozi kilitumia kalenda ya milimani. Mwenye kituo alikuwa na biashara zake huko juu, na watazamaji wengi walikuwa na shangazi huko juu, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba ni kalenda. Waliona ni ukweli.

Kazi yake ilikuwa na kanuni moja, haikuandikwa popote. Fundi wa sauti, bwana mmoja mpole mwenye kipara, alikaa ng'ambo ya kioo, na kabla taa nyekundu haijawaka alimnong'oneza sikioni neno moja: "Maji, mama," au, "Kavu, mama." Maji yalikuwa ya milimani. Hapo Bi Machozi alifungua bomba. Alijua kukatika pumzi kabla ya neno "mwanangu", alijua kumeza mate mahali ambapo mtazamaji naye atameza. Kavu ilikuwa ya bondeni. Hapo alikaa wima akasoma kama mtu anayesoma maelezo ya dawa ya minyoo. Mama wa milimani alisimulia. Mama wa bondeni alidai. Mtu wa milimani aliuawa. Wa bondeni alifariki dunia, kana kwamba kombora lilimkuta ameshamaliza umri wake mwenyewe na kuaga.

Kavu ni ngumu kuliko maji, usione hivi. Mtu anaweza kujilazimisha kulia, lakini kujizuia mbele ya uso wa mama aliyekaa juu ya kifusi kunataka ufundi. Bi Machozi alibuni wake. Mezani kwake palikuwa na skrini ndogo ya kumwonyesha anayemsoma. Fundi akisema "kavu", yeye alikuwa anaigeuza skrini ikatazama ukuta. "Uso unavujisha," aliwaambia wanafunzi waliokuja kujifunza, na wao wakaandika.

Mhariri mkuu aliitwa Mizani. Jina alijipa mwenyewe. Mezani kwake palikuwa na mizani ndogo ya shaba, sahani moja imejaa pini za karatasi, nyingine anawekea kikombe cha kahawa. "Sisi hatuegemei upande," alikuwa akisema. "Sisi tunasimama na ukweli. Sasa kama ukweli umeamua kukaa milimani, mimi nitauteremshaje?" Siku moja Bi Machozi aliuliza, kwa utani tu, mbona watu wa bondeni hawapewi hata kijiko kimoja cha maji. Mizani akamjibu bila kucheka kwamba machozi ya bondeni bado hayajathibitishwa na chanzo huru.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kituo kingine, nacho kilitumia kalenda ya bondeni. Huko maji yalikuwa ya bondeni na kavu ya milimani, kanuni ileile imevaliwa nje ndani. Bingwa wao wa kulia aliitwa Kwikwi, na huyu alikuwa ndiye mume aliyekuwa akimwacha Bi Machozi kila wiki redioni. Walikutana adhuhuri kwenye kibanda cha chai kilichosimama katikati ya vituo viwili, wakapeana pipi za tangawizi za kutuliza koo. Watu waliowasikiliza saa ya taarifa ya habari walikuwa tayari kuchinjana kwa sababu yao. Wao walikuwa wanaulizana umelia wangapi leo.

"Wanne," Kwikwi angesema. "Mmoja alikuwa anasema maneno marefu, amenimaliza kabisa."

"Pole, mume wangu wa zamani."

Hayo yote yangekwenda hivyohivyo mpaka kiyama, na Bi Machozi angestaafu kwa heshima na sherehe ya keki, isipokuwa nyumbani kwake aliishi na mkwe, na mkwe huyo alikuwa mtu wa bondeni.

Mwanawe wa pekee alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Safari moja alikwenda na saruji akarudi na mchumba. Harusi ilifanyika kabla ya vita, na mama wa bi harusi alisafiri kutoka bondeni. Wale mama wawili hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, lakini walikalishwa kochi moja kutwa nzima, na kutwa ni ndefu. Mama wa bondeni alimwuliza bintiye, huyu mkwe mwenzangu anafanya kazi gani? Akaambiwa, analia kwenye runinga. Akataka aonyeshwe. Bi Machozi hakujivunga, akalia papo hapo, kilio kamili chenye mabega. Yule mama alishtuka, akakimbia kuleta maji, akamshika mkono, kisha akaelewa. Akajipiga paja. Walicheka wakashikana mpaka wazee wa pande zote mbili wakageuza shingo.

Vita vilipoanza, nyumba ilijiwekea desturi yake bila mkutano. Ikikaribia saa ya taarifa ya habari, runinga ilizimwa. Mkwe alitoka kwenda kuanua nguo hata siku ambazo hakuna nguo zilizoanikwa. Hakuwahi kusema neno juu ya kazi ya mama mkwe wake. Alimwamkia, akampakulia, akampokea mkoba. Simu za bondeni zilikuwa zimekatika tangu mvua za kwanza, na binti hajui mama yake yu hai au vipi. Kila akipita karibu na simu aliigusa, kama mtu anayepima joto la mtoto.

Siku ya kisa chenyewe Bi Machozi alikuwa na milimani watano na bondeni mmoja. Huyo wa bondeni alikuwa wa mwisho, na Bi Machozi alikuwa anawaza mboga za kununua akirudi. "Kavu, mama," fundi alisema. Akaigeuza skrini. Taa ikawaka. Akasoma kwamba mkazi mmoja wa bondeni anadai nyumba yake ilipigwa, kwamba hakuweza kueleza wapiganaji walikuwa wakifanya nini karibu na eneo lake, na kwamba anadai wakazi sasa wanahama. Alipatia mara moja, hakuna kurudia. Fundi akanyanyua kidole gumba. Bi Machozi akaondoka, akanunua mboga.

Alipofika nyumbani alikuta runinga inawaka. Mjukuu, ambaye alikuwa ameanza tu kutembea na kubonyeza kila chenye kitufe, alikuwa ameiwasha kutafuta vikaragosi, akaangukia taarifa ya habari. Mkwe alikuwa amesimama mbele yake na kitambaa cha vyombo mkononi. Sasa walikuwa wanasoma hali ya hewa, lakini yeye bado ametazama.

"Mama yangu yu hai," alisema.

Bi Machozi alitupa mboga, akamkumbatia, akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti ya nyumbani, siyo ile ya kazini. Mkwe alikumbatiwa, yeye mikono yake haikupanda.

"Alikuwa kwenye taarifa yenu. Umemsoma wewe." Kisha, taratibu, kama anayeuliza njia: "Hukumwona, mama?"

Bi Machozi alisema kwamba alikuwa amegeuza skrini. Mkwe akauliza kwa nini. Zipo kazi ambazo unaweza kuzifanya miaka na miaka vizuri sana, halafu mtu akakuuliza swali moja dogo jikoni, ukaona mdomo umekauka. Alianza kueleza habari ya nyuso kuvujisha.

Kilichomuuma mkwe siyo dharau. Ile kavu alikuwa ameshaizoea. Alikuwa anaisikia kutoka uani kila siku akianua nguo zisizokuwepo. Kilichomuuma ni hiki: wanapovalisha mtu, huachwa kidogo mwanzoni asikike mwenyewe, na kidogo mwishoni, watazamaji waamini kwamba ni mtu kweli. Pale mwanzoni alimsikia mama yake akimwita kwa jina la utotoni, jina ambalo hakuna anayelijua upande huu wa mpaka, akisema, "ukinisikia." Pale mwishoni, kabla hajakatwa, alimsikia akisema, "mpaka siku ya soko." Katikati alikuwemo Bi Machozi.

"Alikuwa ananiambia mimi," mkwe alisema. "Ananiambia mahali alipo. Umenifunika nini, mama?"

Asubuhi Bi Machozi aliingia kwa Mizani kabla hajavua koti. Aliomba kitu kimoja: klipu ile kama ilivyoletwa, bila kuvalishwa, aisikilize binti mmoja mara moja tu. Mizani alisikitika kwa uso mzima. Sauti ghafi haitoki nje ya jengo, alisema, ni sera. Ghafi ni kitu cha hatari, mtu anaweza kuielewa vibaya. Ndiyo maana watu wa habari wapo.

Ilimbidi aseme ni binti gani. Macho ya Mizani yakaanza kung'aa polepole, kama jiko la mkaa linalopepewa, na Bi Machozi akajua amefanya kosa la pili.

"Mkwe wako," alisema. "Ndani ya nyumba yako. Na hukutuambia? Hiki ni kipindi kizima, mama. Tumlete hapa, tumkalishe kwenye kochi, tumwekee hiyo sauti asikilize mbele ya kamera. Maji ya kweli kabisa, hayajachemshwa."

Bi Machozi alimkumbusha kwamba binti ni wa bondeni. Mizani alipunga mkono. Wangesema ni mkazi wa mpakani. Mpaka una watu wengi, nani atawahesabu? Ila itabidi awalaumu kidogo wapiganaji wa bondeni waliomponza mama yake. Kidogo tu, kwa ajili ya mizani. Na alie kwa lugha ya kwao, inagusa zaidi.

"Wewe ndiye utakayemvalisha," Mizani alimalizia, kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake zawadi.

Bi Machozi alitoka humo. Kwenye korido alimkuta fundi, ambaye alikuwa amesikia yote, kwa kuwa kazi yake ni kusikia. Fundi alitazama viatu vyake. Alisema ana watoto wanasoma. Bi Machozi akamwambia anajua, akampigapiga begani, akapita.

Nyumbani alimweleza mkwe kila kitu, mpaka habari ya kochi. Alitarajia akatae, ili wakatae pamoja na iwe heshima ya familia. Mkwe akasema, "Nitakaa. Wanikalishe hata juu ya jiko, mradi nimsikie." Na hapo ndipo Bi Machozi alipoogopa kikweli, maana aliyaona yote kama yameshafanyika: mkwe wake kwenye kochi, sauti yake inateremshwa, inabaki kama redio ya nyuma ya ukuta; na juu yake anapanda nani? Anapanda yeye, na kwikwi zake, anasema maneno ya Mizani.

Alivaa viatu tena akarudi mjini, siyo kituoni. Alimkuta Kwikwi kibandani. Hakumwuliza amelia wangapi, alimweleza habari ya klipu.

Kwikwi aliikumbuka klipu. Kila kituo kilinunua picha za vita kwa wafanyabiashara walewale, kwa hiyo bibi yuleyule alikuwa amepita kwao pia siku ileile. "Kwetu alikuwa maji," alisema. "Binti yetu mmoja ndiye aliyemvalisha, akamlilia mpaka akapewa mapumziko. Bibi ameapa kwamba watalipiza kisasi mpaka kizazi cha saba."

"Alisema hivyo?"

"Sijui. Ndivyo karatasi ilivyosema." Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukoroga. "Kwenu alisema nini?"

"Kwetu hakuweza kueleza."

Walimumunya pipi zao, wataalamu wawili. Kisha Bi Machozi aliuliza kama huko kwao ghafi inatoka nje ya jengo. Kwikwi alifikiri, akasema kwao hakuna sheria yoyote ya kuzuia jambo hilo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuuliza bibi alisema nini.

Kwikwi alikuja nyumbani kwao kesho yake mchana, na simu mfukoni na shati lililopigwa pasi kama anayekwenda kuposa. Mkwe alimkaribisha, akamletea maji, akakaa. Mjukuu alifungiwa chumbani na vifuniko vyote vya sufuria. Kwikwi aliiweka simu katikati ya meza, akabonyeza, kisha akaondoa mkono haraka.

Sauti ilikuwa ya mwanamke anayehema kidogo. Nyuma yake palikuwa na mtu anapiga misumari. Mkwe alisikiliza mpaka mwisho mdomo wazi, halafu akairudisha mwanzo. Safari hii akawa anasimamisha na kutafsiri, neno kwa neno, ameikazia macho simu. Hakulia wala hakukauka. Alikuwa anapokea maagizo.

"Ananiita kwa jina la utotoni, anasema: ukinisikia, mimi mzima. Nyumba imeanguka, mimi sikuwemo, nilikuwa kwa jirani naomba chumvi. Anasema usije. Anasema tunakwenda mahali pale ulipovunjikia jino." Hapo alicheka, kicheko kifupi kilichomponyoka. Ni shule, aliwaeleza, shule ya karibu na daraja. Mama hakutaka kuitaja mbele ya kamera, yule mama mjanja. "Tutakaa hapo mpaka siku ya soko. Baada ya hapo wanatuhamishia mbali, hawajatuambia wapi. Sasa anamwambia mpiga picha asikanyage maharage yake. Anamwambia tena."

Akabonyeza. Sehemu iliyobaki ilikuwa fupi. Aliisikia, hakuitafsiri. Bi Machozi akamwambia, sema tu, mwanangu.

"Anasema, mkwe mwenzangu yumo kwenye runinga, yule anayelia. Yeye ataniona kabla yako. Anasema, usiwe na wasiwasi, yule hawezi kuniona akakaa kimya."

Kwikwi alisema samahani, akatoka uani, na huko wakamsikia anapenga kamasi bila ufundi wowote.

Siku ya soko ya huko kwao ilikuwa Jumatatu, na hiyo ilikuwa Jumamosi. Lakini wauza picha wa vita hawaandiki tarehe kwenye mzigo, na haikujulikana bibi alikuwa anasema Jumatatu ipi. Huenda ilikuwa hii ijayo. Huenda ilikuwa ile iliyopita, na hapo hakuna aliyeendelea na hesabu. Dereva alipigiwa simu, alikuwa mbali na lori limeharibika; alimsihi mkewe amngoje. Mkewe akamjibu vizuri, ndiyo, ndiyo, huku anakunja nguo.

Aliondoka Jumapili asubuhi kwa basi la mpakani, na begi moja. Mama yake alisema usije, lakini mama wote husema hivyo, na kama wangekuwa wanatiiwa hakuna mama angetembelewa. Bi Machozi alimsindikiza mpaka stendi, mjukuu mgongoni. Alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Alitaka kusema nisamehe, kisha akaona anataka asamehewe ili yeye alale vizuri, akayameza.

Mkwe ndiye aliyesema. Alimnyonyesha mtoto kwa mara ya mwisho, akamrudisha kwa bibi yake, akafunga kifungo.

"Sijakukasirikia, mama. Ningekasirika ingekuwa nafuu."

Bi Machozi alihisi kifua kinaanza kazi. Pumzi ikakatika palepale inapokatika siku zote, kabla ya neno mwanangu. Mkwe akaiona, akamshika mkono haraka.

"Tafadhali, mama, usilie. Ukilia sitajua ni ya nyumbani au ya kazini."

Basi hakulia. Alisimama pale, uso umemkunjamana kama mtu anayebeba gunia, mpaka basi likapiga kona. Mjukuu alimvuta sikio kutaka kujua uso ule ni mchezo gani.

Jumapili jioni kulikuwa na kipindi cha marudio ya wiki nzima ya vita, na hicho kilisomwa moja kwa moja hewani. Alimwachia jirani mtoto, akaenda. Mizani alimngoja mlangoni akimwuliza binti yuko wapi, kochi limeshapangwa. Aliposikia amesafiri, alinuna kama aliyeibiwa. Akamwambia wataongea kesho, sasa aingie kazini.

Milimani walipita kwanza. Aliwapa maji, lakini ya kisima kinachokauka. Fundi alimtazama mara mbili kupitia kioo. Kisha katika masikio yake ikaja sauti ya chini sana, ya aibu: "Kavu, mama. Ni yule... ni yuleyule."

Mkono wa Bi Machozi ulikwenda kwenye skrini kwa mazoea. Ukaishika. Ukaiacha.

Mkwe mwenzake alikuwa amekonda. Kitambaa cha kichwani hakikuwa kile cha harusini. Alikuwa amesimama kwenye kijishamba cha maharage mbele ya kifusi, anaongea huku anamfukuza mpiga picha kwa kiganja, kama mtu anayefukuza kuku, na macho yake yalikuwa yanatazama kamera moja kwa moja, yanamtafuta mtu ndani yake. Taa nyekundu ikawaka. Karatasi ilikuwa mezani: anadai, anadai, hakuweza kueleza. Maneno ya kweli nayo alikuwa nayo kichwani, yote, na ulimi ulimwasha. Lakini maneno yale hayakuwa ya mji mzima. Yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe yuko kwenye basi.

Hakusoma. Alifunga mdomo akamtazama.

Bibi aliendelea kusema chini, nyuma ya ukuta. "Mama," fundi alinong'ona, "taa." Bi Machozi alitikisa kichwa. Fundi alitazama mlango, akatazama kitelezi cha sauti chini ya kidole chake, na huenda aliwatazama watoto wake wanaosoma. Kisha akakipandisha. Sauti ya bibi ikapanda ikajaa chumba, ikajaa mji, na misumari yake, na maharage yake, mpaka mwisho.

Simu zilianza kabla ya matangazo ya biashara. Watazamaji wa kalenda ya milimani walisema bibi amewatukana, huhitaji kujua lugha, sikia tu anavyotamka. Watazamaji wa kalenda ya bondeni, ambao huangalia kituo kile ili wapate kukasirika, walisema bibi amenyimwa tafsiri kwa dharau, walitaka ijulikane alivyoapa. Mzee mmoja aliuliza kama ni runinga yake imeharibika, na alipoambiwa hapana, akakata kwa masikitiko.

Mizani aliingia chumbani kahawa imemwagikia mkono wa shati.

"Umenyamaza kwa niaba ya upande gani?" alisema. "Watu wanauliza. Mimi niwajibu nini?"

Alitaka jibu kweli, siyo kejeli. Bi Machozi alikaribia kumwonea huruma. Alimwambia hajui, akavua spika za masikioni, akachukua mkoba. Mizani alimfuata mpaka ngazini akisema kwamba kesho aje na maelezo, kwamba kuna nafasi kwenye hali ya hewa kwa watu wasiotaka kusoma vita, kwamba hata hali ya hewa kuna watu watalalamika akinyamaza.

Nje palikuwa bado na mwanga. Ng'ambo ya barabara Kwikwi alikuwa kwenye zamu, wamewasha taa zote. Bi Machozi alipita kibanda cha chai bila kusimama, akamchukua mjukuu kwa jirani, akakaa naye kwenye ngazi ya nyumba, akapiga namba ya mkwe wake. Kwa saa ile basi lilikuwa limeshafika mpakani, kama lilifika.

Simu ilijibiwa na mwanamke, na kwa nukta moja alidhani ndiye. Lakini ilikuwa ile sauti ya kampuni ya simu. Alimjua mwenyewe, walicheza pamoja redioni, huyo ndiye aliyeigiza jirani mmbea. Sasa alikuwa anamwambia kila mtu maneno yaleyale kwa upole uleule, wa milimani, wa bondeni na wa hapa: namba unayopiga haipatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye.

Mjukuu alinyoosha mkono, anaitaka simu, anamtaka mama yake. Bi Machozi alimwekea sikioni, asikilize. Akaichukua, akakata, akapiga tena.